Pazia la Mama Mstari

Karakana ya vioo ya Mama Mstari haikuwa na mlango. Mchana kutwa palining'inia pazia la turubai, na wateja waliozoea kubisha kwa ngumi walibaki wakipiga hewa. Wenye midomo walisema mama huyo ni bahili, kashindwa kununua mbao. Waongo wakubwa! Mlango ulikuwepo. Aliung'oa kwa mikono yake mwaka wa kwanza wa kazi, akauweka juu ya matofali, na ndio meza yake ya kukatia mpaka leo.

Jina la Mstari alilipata kwa kisu chake. Alikichovya kwenye mafuta ya taa, akaweka rula, akavuta mara moja tu kutoka ukingo hadi ukingo. Ukisita katikati, kioo kinapasuka kinavyotaka chenyewe. Mkono wake haukusita, isipokuwa mlango wa jirani ukibamizwa. Hapo moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka viganjani, na kioo kikaharibika.

Chanzo alikijua. Baba yake alikuwa mlevi, na babu yake vilevile. Utotoni alijifunza kumsoma baba kwa mlango: ukifunguliwa taratibu, watakula kwa amani; ukibamizwa, yeye na kaka yake waliingia uvunguni bila kuambiwa. Baba alishafariki zamani, lakini mwili wa bintiye ulikuwa bado haujapata taarifa.

Siku aliyokwenda zahanati kupima presha, muuguzi alimuuliza habari za wazazi wake, kisha akasema, "Mama, kuna watu wa koo zenye ulevi, miili yao inashtuka upesi na kutulia kwa shida. Mwingine anazaliwa hivyo, mwingine anafanywa hivyo na mambo ya nyumbani. Hatari ni kwamba pombe inaweza kuwatuliza kuliko inavyowatuliza wengine, wakaizoea."

"Mimi sinywi," alijibu, akashusha mkono wa blauzi haraka haraka.

Hakusema yote. Alikunywa mara moja, glasi mbili, kwenye harusi ya kaka yake. Baadaye mtu akabamiza mlango wa ukumbi, naye hakushtuka. Kwa mara ya kwanza maishani mwili wake ulitulia tuli. Aliona raha mpaka machozi yakamlenga. Raha hiyo ilimtia hofu kuliko baba yake alivyowahi kumtia, na hakuionja tena. Binti yake wa pekee akamlea kwa uongo mmoja: pombe ni chungu, inanuka, hakuna mwenye akili timamu anayeipenda.

Binti huyo alikuwa chuo cha ualimu, na wakati wa likizo alimsaidia mama kushika vioo. Jumamosi moja asubuhi, mama ameshaanza kuvuta mstari kwenye kioo kikubwa cha dirisha, binti akaanza kucheka.

"Mama, kumbe ulinidanganya! Siku ya kufundisha mbele ya wakaguzi nilitetemeka miguu mpaka meno. Mwenzangu akanipa bia. Wala siyo chungu kihivyo! Yeye ilimlegeza tu, lakini mimi nilitulia, we acha tu. Na mtihani wa mwisho nitakunywa kidogo."

Kisu kikasimama katikati ya kioo. Hakuna mlango uliokuwa umebamizwa.

"Mama, kioo!"

"Kiache."

Alikiweka kisu chini. Maneno ya kugomba yalikuwa tayari mdomoni, yale yale ya uchungu na harufu ya pombe. Binti angeitikia "ndiyo, mama," kisha angekwenda kunywa akiamini mama yake hajui kitu. Aliona aibu, na aliogopa sana.

"Mimi pia nilitulia," alisema.

Binti akaacha kucheka.

"Glasi mbili, harusi ya mjomba wako. Sijatulia vile tena mpaka leo. Kila mlango ukibamizwa naitamani, mwanangu. Nadhani hata babu yako alianza hivyo, akitafuta kutulia." Alifuta jasho la kiganja chake kwenye kanga. "Hebu lete mkono."

Binti aliunyoosha juu ya meza. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho, sawasawa na cha mama yake.