Goti la Mama na salamu ya Bibi: ni lini wakati wa kubadilisha goti?

Wakuu, habari za leo. Haya niliyaona nyumbani kwetu Ikolo, Kyela, nami sitatia chumvi.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Wafanyabiashara walifuata mpunga wetu hadi mlangoni, nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikijiona mjuzi wa kila jambo.

Goti la kulia la Mama lilikuwa limesagika. Misimu miwili hakukanyaga shamba la mpunga. Hata hivyo, kila asubuhi alipiga magoti kumwamkia Bibi, yaani mama mkwe wake, kwa salamu ya Kinyakyusa: "Ugonile." Goti lililia kabla hajafungua kinywa. Bibi alimtania kwamba goti lake lina adabu kuliko yeye, linawahi kusalimia.

Nilimpeleka Mama hospitali Dar es Salaam, nikiamini picha ya eksirei ndiyo itakayoamua.

Daktari aliitazama, akaiweka kando, akamuuliza Mama maumivu yamemnyang'anya nini. Kisha akasema wazi: goti la bandia lingeweza kumrudisha shambani, lakini kupiga magoti huenda kukawa shida siku zote.

Mama alishukuru, akataka turudi nyumbani. Nilinuna njia nzima. Nilimwona mkaidi, kumbe alikuwa akipima jambo ambalo mimi sikuwa na kipimo chake.

Miezi kadhaa baadaye alipiga magoti, akashindwa kuinuka. Bibi, mwenye miaka zaidi ya themanini, akashuka kitandani kumnyanyua. Nusura waanguke wote wawili.

Siku hiyohiyo Mama aliniita.

"Gwakisa, heshima gani hii ya kumshusha bibi yako kitandani aje kuninyanyua? Tukishavuna, nipeleke."

Tulivuna, akapasuliwa. Kupona kulichukua miezi. Mazoezi aliyafanya huku akiuma meno, na sikumsikia akijuta.

Asubuhi ya kwanza ya kutembea bila gongo, alisimama mbele ya Bibi, akainamisha kichwa, akaamkia. Bibi akamshukuru kwa Kinyakyusa:

"Ndaga, mama Gwakisa. Leo nimesikia sauti yako kwanza."

Nilichojifunza, wakuu: daktari anaweza kukuambia kwamba goti limefika mwisho. Kwamba mwenye goti naye amefika, hilo atalisema mwenyewe, na sisi watoto tujifunze kumsubiri.

Mliowahi kuukabili uamuzi huu, wenu au wa wazazi wenu, ni kitu gani kiliwaambia kwamba sasa ni wakati? Karibuni.