Goti la Laban na Kiti cha Kamera

Aliyemwambia Laban Wanyonyi kwanza kwamba goti lake la kulia limekwisha ni goti lenyewe. Lilimwambia Jumanne asubuhi, kwenye ukumbi wa hoteli moja ya West Bay, Doha, alipoinama kumwokotea mgeni miwani akashindwa kuinuka. Akabaki pale chini akitabasamu kama mtu anayeposa kwenye sinema, mpaka mpagazi akaja kumnyanyua kwa kwapa.

Kwa mlinzi wa kawaida, hilo ni jambo la dawa ya kuchua. Laban hakuwa mlinzi wa kawaida. Alikuwa kipa.

Mtindo huo wa kuandikwa kazi moja na kufanya nyingine hakuuanzia Qatar. Kwao Bungoma, kiwanda cha sukari kilimwajiri kama karani wa stoo. Akawa karani miaka minne, na hadi leo ukimwuliza stoo iko upande gani wa kiwanda, anaanza kukohoa. Kazi yake ilikuwa kudaka mipira. Kiwanda kilipokufa, timu ikafa nacho, na hakuna aliyetaka karani asiyejua stoo. Ndipo akapanda ndege kuja Doha kama mlinzi, akasimamishwa Al Wakrah kwenye geti la mradi wa ujenzi, mwezi wa Juni, juani, akiwa amevaa buti nyeusi na kofia nyeusi. Aliyechagua rangi hizo bila shaka alikuwa amekaa kivulini.

Uwanja wa vumbi ndio uliomtoa pale. Ijumaa moja alidaka penalti tatu mbele ya Terry, Mwingereza mwekundu kama nyanya, meneja wa kampuni nyingine ya ulinzi. Wiki iliyotangulia timu ya Terry ilikuwa imefungwa sita katika kombe la makampuni, na bado jambo hilo lilikuwa linamwuma. Akamvuta Laban kando.

"Njoo kwangu."

Mwingine angeuliza mshahara. Laban aliuliza, "Nitasimama wapi?"

"Hotelini. Ndani, kwenye kiyoyozi. Ila Ijumaa ni yangu."

Wakapeana mikono, na hapo ndipo Laban alipokosea. Mkono hauna muhuri. Kwenye kompyuta ya kampuni aliandikwa mlinzi wa geti, wa kupelekwa popote, siku yoyote. Kwa misimu sita hakuona sababu ya kuliangalia jambo hilo, kwa vile alikuwa anadaka.

Akili ilimjia kupitia kwa Mwangi, winga wao. Mwangi alivunjika mguu mwezi wa pili. Plasta ilipotolewa hakurudi kwenye dawati lake la mapokezi. Alipelekwa kwenye geti la yadi ya mabomba na kuambiwa ajilinde na jua kwa mwavuli. Mwavuli wenyewe alijinunulia.

Basi Laban, akiwa na goti lililojaa maji kama mtungi, akapiga hesabu ya siku. Fainali ilikuwa baada ya siku kumi. Alikuwa na siku kumi za kuuza mali iliyoanza kuoza kabla mnunuzi hajaisikia harufu. Alichokitaka kilikuwa kimoja: kiti cha chumba cha kamera cha kampuni, ambako mageti yake yote yalionekana. Mzee wa Kinepali aliyekikalia alikuwa anarudi kwao kabisa, na mtu wa kamera hukaa. Hukaa! Kwa muda wa saa nane nzima anatazama skrini, na hakuna anayemwokotesha miwani.

Kwa bahati, Jumatano Terry alimwita ofisini kuzungumzia fainali, na kama kawaida yake akatoa simu kumwonyesha picha ya babu wa babu yake. Mzee alikuwa na masharubu, mikono ameikunja kifuani, na kaptura imefika chini ya magoti. Kipa huyo pia. Enzi zile Uingereza mchezaji kulipwa ilikuwa aibu ya kufichwa, kwa hiyo mwenye kiwanda cha nguo alimwandika mfagia uwanja wa kiwanda.

"Hakuwahi kushika ufagio!" Terry akacheka, machozi yakamtoka.

Laban alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara saba. Ya nane aliisikiliza kama mtu aliye sokoni.

"Na miguu ilipokwisha, mudiri?" akauliza, akimwita meneja kwa Kiarabu cha pale. " Walimfanyia nini?"

"Mwenyekiti wa klabu alikuwa na kiwanda cha bia. Akampa baa. Watu walikuwa wanakuja kunywa ili wamsikilize akidanganya kuhusu mipira aliyodaka. Alikufa mle mle, nyuma ya kaunta, mzee kabisa."

"Alipewa kwa mdomo?"

"Mdomo gani! Hati ipo mpaka leo. Shangazi ameitia kwenye fremu."

Laban akaaga kwa adabu, akatoka akitembea wima mpaka kwenye kona, kisha akachechemea hadi kwa Proscovia. Huyu alikuwa Mganda wa ofisi ya wafanyakazi. Barua zote za kampuni zilipita kwenye vidole vyake, na habari zote kwenye mdomo wake.

"Dada Proscovia, nielekeze tu. Mtu akitaka kuacha kazi ahamie kampuni nyingine, barua huandikwaje?"

Proscovia aliacha kuandika. "Ssebo, bwana wewe! Nani huyo anaacha?"

"Mtu."

"Huyo mtu ni mrefu? Ana mikono mikubwa?"

"Sikumpima."

"Na anaenda kwa wale tunaocheza nao fainali?"

"Mimi nimeuliza barua, dada. Maswali mengine ni yako."

Hakusema uongo hata mmoja. Alirudi hotelini, na kabla hajamaliza kunywa maji simu ikalia. Terry alikuwa anapumua kama amepanda ghorofa ishirini kwa ngazi.

"Laban, unataka nini?"

"Baa, mudiri."

"Hii ni Qatar, wewe!"

"Basi nipe kiti cha kamera. Kwa barua, kama ile ya shangazi yako. Kazi ibadilishwe kwenye kompyuta kabla ya Ijumaa ya fainali."

"Baada ya fainali."

"Baada ya fainali nitakuwa nimechoka kuongea."

"Tukishinda, basi."

"Barua yenye 'tukishinda' ndani yake mpe mshambuliaji. Mimi kazi yangu ni kuzuia."

Alhamisi ya wiki iliyofuata Proscovia alichapa, Terry akasaini huku akinung'unika, muhuri ukagongwa. Proscovia akabonyeza kitufe cha mwisho kwenye kompyuta.

"Khalas, imekwisha. Wakitaka kukutoa hapo sasa waombe sahihi yako," akasema. Kisha akamtazama anavyojishika ukuta. "Ssebo, huo mguu?"

"Nimeukalia vibaya."

Jioni hiyo Ronny alimkanda. Ronny alikuwa dereva, mtu wa kwao Bungoma, na kampuni zao zilikuwa zimekodi jengo moja huko Al Rayyan, moja chini, moja juu. Alipanda na dawa ya kuchua, akaukandamiza mguu mpaka Laban akamtaja mama yake.

"Pole, bro. Ni upande huu?"

"Huo huo. Polepole!"

Jambo ambalo Laban hakulitilia maanani ni kwamba Ronny ndiye aliyekuwa mshambuliaji wa wapinzani.

Fainali ilichezwa Ijumaa baada ya alasiri. Lazima tumpe haki yake: hakukaa langoni kama gunia. Kiti alikuwa nacho tayari, angeweza kusingizia tumbo, lakini alifungwa bandeji kama maiti, akadaka vitu vya ajabu kwa dakika sabini, Terry akimpigia kelele za mapenzi pembeni. Ndipo Ronny akabaki peke yake na kipa. Hakutazama juu wala kushoto. Aliuviringisha mpira taratibu, chini, upande wa kulia. Laban aliuona unavyokuja. Mwili ulikwenda, goti likabaki.

Moja bila, mpaka mwisho.

"Wewe!" Laban alifoka akiwa bado kwenye nyasi. "Si wewe jana umenikanda goti hili?"

"Sasa ningejuaje pa kupiga, bro?" Ronny akamshika mkono, akamwinua. "Leo usiku nakukanda tena. Bure."

Jumamosi asubuhi Terry alifungua mlango wa chumba cha kamera bila kubisha. Laban alikuwa kwenye kiti, mguu ameuweka juu ya katoni.

"Ulijua kuhusu goti."

"Nililijua, mudiri."

"Ukaniuzia!"

"Ulinunua mikono. Goti hukuuliza."

"Naweza kuirarua ile barua."

"Nakala ninayo, na Proscovia anayo." Laban akanyoosha kidole kwenye skrini ya nne, ambako Mwangi alikuwa amesimama chini ya mwavuli wake kwenye yadi ya mabomba. "Hebu niambie. Yule babu yenu hakuwahi kufungwa bao? Na siku alipofungwa, mwenye bia alikwenda kumnyang'anya baa?"

Terry aliusukuma mlango ukafunga. Kisha akavuta kiti cha pili, akakaa.

"Msimu ujao nani atadaka?"

"Kuna mmoja Al Wakrah, yuko juani. Anadaka kuliko mimi. Lakini nimeshamfundisha: asije bila barua."

"Shetani wewe," Terry akasema, akatoa kalamu kuandika jina.

Alipoondoka, Laban akainuka kwa shida kupunguza kiyoyozi. Kilikuwa kikali mno, na goti halipendi baridi. Kesho, aliamua, atakuja na sweta.