Nyuki wa Sajini Shuaib

Watu wa mtaa wa Mkomani hawakuona haya kumwuliza Shuaib aliua watu wangapi. Walimwuliza mlangoni pa msikiti wakitafuta viatu vyao, walimwuliza akishusha mchanga, na Bi Mwanatumu, mamake mchumba wake Ruba, alimwuliza siku ya posa, hata kabla ya kumwuliza kama anajua kusali. Jibu lilikuwa moja.

"Mbu sikuwahesabu."

Alizaliwa Phineas Kirimi, huko Meru kwenye baridi, akatumikia jeshi miaka ishirini na ushei katika kikosi maalumu, wale wanaotupwa na ndege juu ya misitu ambayo hata nyani wameihama. Alistaafu akiwa na goti bovu na sikio moja lisilosikia. Kituo chake cha mwisho kilikuwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Amu, yaani Lamu. Siku moja alivuka kununua sabuni, akaonja mkate wa mofa wa Ruba, mwanamke mjane, na sabuni akaisahau. Akasilimu, akaoa, akapewa jina la Shuaib, akanunua punda watatu wa kubebea mchanga na mawe ya ujenzi. Wawili hakuwapa majina. Wa tatu, mnene, mwenye kupenda kusimama katikati ya kichochoro na kukodoa macho kama aliyemwona adui, alimwita Meja.

Baada ya sala ya alasiri alikuwa akikaa barazani kwa Bwanamkuu, mshona kofia. Wenzake walitaka habari za damu, yeye akawapa habari za tumbo la kuendesha. Aliwasimulia alivyoshuka kwa mwavuli akatua juu ya paa la choo cha mwanamke mmoja, naye mwenyewe yumo ndani. Lakini iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya nyuki.

Ilikuwa Kongo. Kikosi chake kilikuwa kikiwanyatia waasi, na waasi nao wakikinyatia kikosi. Mtu mmoja, wa upande gani haikujulikana, akafyatua risasi ikaingia kwenye mti wenye nyuki. Nyuki hawakuuliza mtu kitambulisho. Majeshi yote mawili yakatupa bunduki, yakakimbilia mto mmoja, yakazama hadi shingoni, yakabaki yanatazamana. Hatimaye mwasi mmoja, jicho limevimba hata likafumba, akauliza kwa Kiswahili chao cha kule, "Hizi nyuki ni za kwenu ao ni za kwetu?"

Nyuki walipotulia, kila upande ukatokea ukingo wake, watu wakaokota silaha, wengine wakarudishiana zilizochanganyika, wakaenda zao.

Baraza lilicheka mpaka kofia zikaanguka. Bwanamkuu peke yake alitikisa kichwa. "Mimi nasema huyu alikuwa mpishi," alisema. "Hakuna askari asiyejisifu."

Kisha akaja Meja Murithi, yule ambaye punda alirithi cheo chake. Naye alikuwa amestaafu, na siku hizi aliitwa huku na huku kuhutubia watu juu ya ushujaa. Hoteli moja ya Manda ilimwalika azungumze na wafanyakazi wake, na siku ya pili akavuka kuuona mji. Katika kichochoro ambacho watu wawili walioshiba hawawezi kupishana, alimkuta punda amesimama na sauti nyuma ya punda ikisema:

"Meja, mpumbavu we, songa. Siku moja utatuua sote kwa huo ukaidi wako."

Mgeni akavua miwani ya jua. "Sajini Kirimi."

Visigino vya Shuaib vikakutana vyenyewe, ingawa ndara hazina mlio. "Afande."

"Huyo anaitwa nani?"

Shuaib alikuwa amefunzwa kustahimili mateso bila kutoa siri, lakini swali hili halikuwamo katika mafunzo. "Hicho ni cheo tu, afande. Jina hatujampa."

Meja alimtazama punda kwa muda mrefu. "Ana tumbo," akasema.

"Naam, afande. Tangu alipoacha kukimbia."

Dirisha la juu likafunguliwa. "Shuaib," akaita Bi Mwanatumu, "mgeni hasimamishwi ndiani. Ndooni mule."

Wakala wali wa nazi na samaki wa kupaka. Watu wa barazani wakaja mmoja mmoja kumtazama meja wa kweli, Bwanamkuu akiwa wa kwanza, na Meja hakuhitaji kubembelezwa. Alisimulia habari ya Kongo. Msitu ulikuwa ule ule na mto ule ule, ila sasa risasi zilimiminika tangu asubuhi hadi adhuhuri, wanaume wakapigana ndani ya maji, na kijana mmoja, Amini, akaanguka akiwakinga wenzake. Alisimulia vizuri. Bi Mwanatumu alisahau kuitia chai sukari.

Bwanamkuu akameza alichokuwa akitafuna. "Na nyuki?"

Meja akamgeukia Shuaib. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa ule ambao Shuaib aliuona mara moja tu, katika ua mmoja kando ya Mto Tana, Meja alipovua kofia akamwambia mama yake Amini kwamba mwanawe alikufa akipigana. Siku ile Shuaib alisimama nyuma yake. Alijua kwamba Amini aliokotwa nyasini nyuki walipokwisha kwenda, mwilini hamna hata tundu moja la risasi. Ndiyo maana katika hadithi yake ya barazani Amini hakuwamo. Bila Amini, hadithi ilichekesha.

"Nyuki walikuwa upande wangu," akasema Shuaib. "Upande wa Meja kulikuwa na vita."

"Mpishi," Bwanamkuu akamnong'oneza jirani yake.

Shuaib alimsindikiza mkubwa wake hadi gatini. Njiani Meja akasema, "Yule mama yu hai. Nakwenda kumwona kila mwaka. Ananichinjia kuku, ananiuliza tena mwanawe alipigana vipi, na kila mwaka naongeza kidogo. Mwaka jana nimempa Amini bunduki ya pili."

"Mikono miwili anayo, afande."

"Usinichekeshe, Kirimi. Kutoka hapa hadi Tana si mbali. Hizo nyuki zako zitafika."

"Hiyo ni amri?"

"Amri sina tena. Nakuomba."

Tangu siku hiyo Shuaib akafunga mdomo. Baraza likapoa, watu wakarudi kuzungumza habari za bei ya saruji. Bi Mwanatumu alivumilia, kisha akamkabili jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"Una nini wewe? Huli, wala humtukani punda."

Akamweleza yote. Bi Mwanatumu akasikiliza, akakoroga, akaonja.

"Yule mwanamke amefiwa na mwana," akasema, "hakufiwa na kitwa. Enda ukamwamkue. Wewe ulimzika mwanawe kisha ukakaa kimya miaka yote hii, na hapa ni jirani. Huo nao ni ukomando gani?"

Basi Shuaib akavuka hadi Mokowe, akapanda basi la Garsen, akauliza njia. Mama Rael, mamake Amini, alikuwa ameketi kivulini mwa jiko akichambua mchele kwenye ungo, mwanamke mdogo mkavu mwenye macho makali. Alimjua mara moja.

"Wewe ndiwe uliyesimama nyuma ya Meja ukitazama viatu vyako," akasema. "Keti. Na wewe umekuja kumwongezea mwanangu bunduki?"

Shuaib akaketi.

"Jeneza walilifunga, wakaniambia lisifunguliwe," akaendelea Mama Rael. "Mimi sizikii sanduku. Walipokwenda kunywa chai nikalifungua. Mizinga yangu iko pale mtoni, unaiona? Uso wa mtu aliyeumwa na nyuki naujua."

"Mbona hukumwambia Meja?"

"Alikuwa amevaa vizuri, na alikuwa analia. Nikaona mtu huyu nikimnyang'anya hadithi yake ataanguka, na mimi sina nguvu za kumbeba. Sasa sema wewe."

Akasema. Mti, risasi, mbio, majeshi mawili majini hadi shingoni. Alipofika kwenye swali la yule mwasi, Mama Rael akajifunika mdomo kwa leso, mabega yakatikisika, na Shuaib hakujua kama ni kilio au nini, mpaka mama akauliza kwa sauti iliyobanwa, "Mkamjibu nini?"

"Meja alimwambia ni za serikali."

Hapo mama akacheka kwa sauti, kuku wakatawanyika. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akatulia, akaurudia mchele wake.

"Na Amini? Nyinyi mkiwa majini, yeye alikuwa wapi?"

Shuaib alikuwa akiliogopa swali hilo tangu Mokowe. "Hakuingia, Mama. Alikuwa karibu na maji kuliko sisi sote. Akafika ukingoni, akasimama. Nikamwita. Akasema, 'Sajini, mto huu utakuwa na mamba.' Akageuka, akakimbilia nyasi."

"Na mto ulikuwa na mamba?"

"Hatukuona hata mmoja."

Vidole vya mama viliokota kijiwe, vikakitupa. Vikaokota kingine.

"Tangu alipojua kutembea nilimwambia, mto usioujua usiingie," akasema. "Nilimchapa kwa jambo hilo. Wapi. Kila siku akija, nywele zimelowa, ananiambia ni jasho."

Akajipangusa macho kwa pindo la leso.

"Basi siku ile alinisikia."

Akausogeza ungo ukawa kati yao, na Shuaib, kwa vile mikono haikuwa na la kufanya, akaanza kuchambua naye. Walikuwa wamefika nusu ya mchele mama alipomwambia arudie pale pa mwasi mwenye jicho lililovimba, lakini polepole, na asiruke kitu.