Binti Yangu na Mawigi ya Sampuli

Msimu ule wa ukungu kuta za chumba chetu cha kupanga Sanyuanli, mtaa wa Kichina wenye wafanyabiashara wengi wa kwetu, zilitoa jasho mchana kutwa, na mawigi ya sampuli niliyowapigia picha wateja wa Kariakoo yalining'inia kwenye kamba, yakigoma kukauka. Binti yangu, wa mwaka mmoja na nusu, alipita chini yake taratibu kama anayeota. Kisha aliyavuta. Wigi likishaburuzwa sakafuni halina mnunuzi, na mimi hasira zangu ziko karibu. Kila alipoligusa, niligonga kifuniko cha sufuria nyuma yake. Siku ya tatu hakugusa tena, nami nikajisifu.

Wakati huohuo nilikuwa nasoma saikolojia kwa masafa, na kazi ya muhula ilitutaka tutathmini jaribio moja la zamani. Mtoto mdogo alionyeshwa panya mweupe, na kila alipomgusa, chuma kiligongwa nyuma ya kichwa chake, hadi akamwogopa panya, kisha sungura, kisha vitu vingine vyenye manyoya. Niliandika kwa raha. Mtoto mmoja tu, hakuna wa kumlinganisha naye. Hofu ilipimwa kwa macho ya walewale walioitia. Na baya zaidi, mtoto aliondoka kabla hawajamtoa hofu waliyompa. Niliwaita watu wasio na haya.

Nikavua mtandio nichane nywele zangu. Binti yangu akanitazama, akarudi nyuma hadi ukutani, mdomo wazi, kilio hakitoki.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wanasema. Wangu alifunzwa na mamaye. Niliona aibu, nikajifunga tena mtandio.

Kesho yake nilianza kuifumua hofu ile. Wigi nililiweka mlangoni, kipande cha papai mkononi, na kila siku nililisogeza hatua moja. Siku ya tano alikula huku akilitupia jicho, na ukungu ukipanda dirishani nilihisi tuna muda wote wa dunia.

Lakini Ijumaa, siku ya safari yake, ilikuwa imefika. Sisi wafanyabiashara, mtoto akishaachishwa ziwa, hupelekwa kwa bibi yake na yeyote anayerudi nyumbani. Dada mmoja wa Tanga, jirani yetu wa ghorofa ya juu, alikuwa ameshamkatia tiketi. Nilimwomba asubiri wiki mbili.

"Mdogo wangu, viza yangu inaisha kesho," alisema. "Watoto husahau."

Nilitaka sana kumwamini, nikamkabidhi.

Mwalimu alinipa alama za juu, akaandika pembeni kwamba nimeonyesha huruma ya kweli kwa mtoto yule wa jaribio. Nilisoma maneno yake nikiwa nimejifunga mtandio hadi kwenye nyusi, nasubiri bibi apige simu ya video. Nisipojifunga, binti yangu haisogelei simu.