Muvi Iliyoishia Mlangoni

Nina duka la muvi mjini Nyeri, chumba chembamba chenye kompyuta moja na kiti kimoja cha mteja. Mtu analeta flashi yake, anasema anataka za vita au za mapenzi, namjazia, naye anakwenda kuzitazama nyumbani kwenye televisheni. Kazi yenyewe ni rahisi, ila mimi nina ugonjwa wa kudadisi. Simwachi mtu aende kabla hajaniambia zile za juzi alizionaje, na asiponiambia nanuna.

Ugonjwa huo ndio ulioniponza. Nilipata muvi moja kutoka nchi ya mbali, ya mama ambaye mwanawe aliondoka nyumbani na hajulikani aliko. Kila jioni mama yule anapika, anapakua sahani mbili, anakula yake, ile nyingine anaifunika. Basi. Hakuna bunduki, hakuna busu, na maneno ni machache kiasi kwamba hata asiyejua lugha yao haachwi nyuma. Mwishoni kabisa mlango unagongwa. Mama anainuka, anashika komeo, na skrini inakuwa nyeusi.

Niliipenda mpaka nikalia. Nikawa nawawekea wateja wote, kama nyongeza, bila kuwauliza. Nilitaka kujua watasema nini.

Wiki haikuisha kabla sijajua. Wa kwanza kuja alikuwa jirani yangu, fundi cherehani, mzee Mwislamu aliyezaliwa hapahapa mjini. Aliingia na tepu yake shingoni.

"Wewe msichana, umenipea muvi imekatika."

"Haijakatika, mzee wangu. Imeisha."

"Ati imeisha? Inaishaje na mlango haijafunguliwa? Mtu anapika masaa mbili na hakuna mtu anakuja kukula! Hiyo si muvi, hiyo ni adhabu."

Baada yake walifuata wengine, na wote walikuwa na kosa lilelile. Hakuna aliyeshuku kwamba mtengenezaji aliiacha hivyo makusudi. Tumezoea muvi mbovu za flashi, zile zinazokwama jambazi akiwa bado hajakamatwa, kwa hivyo lawama yote ilikuwa yangu. Wengine walinishauri ninunue kompyuta nyingine.

Lakini wapo walioipenda vibaya. Mwalimu mmoja kutoka Wamagana, nje ya mji, aliniambia aliitazama mara mbili, na mara ya pili akampigia mama yake simu. Mume na mke walikuja pamoja wakibishana, mume akiapa kwamba aliyegonga ni mtoto, mke akisema ni jirani amekuja kuomba chumvi. Nilikaa pale nikiwasikiliza kama mtu anayetazama mpira. Kitu kimoja kilinishangaza: muvi za ngumi nimeuza miaka yote na hakuna aliyewahi kurudi kunieleza lolote, ila hii, hata waliochukia walirudi, wakakaa, wakachukia kwa urefu.

Nilipochoka kujieleza nikaanza kuwaambia, "Part two inakuja." Mvumilivu hula mbivu, nikawaongezea, nao wakaondoka wakicheka. Niliona nimepata dawa.

Kati ya waliopewa dawa hiyo alikuwa mama wa Endarasha anayeleta kabeji sokoni. Siku ya soko iliyofuata alipita akauliza part two imefika. Nikasema bado. Akaja tena, na tena, kila mara akipangusa viatu mlangoni na kuuliza kwa upole uleule. Mara ya nne udadisi ukanishinda, nikamvutia kiti.

"Mama, niambie ukweli. Hii muvi unaipenda ama unaichukia?"

Alifikiri kidogo. "Kijana yangu alienda Sagana kutafuta kazi. Sasa ni miaka tisa. Simu haiingii, na watu wote nimeuliza hawajui." Akaniangalia. "Mimi nataka tu kuona ni nani anagonga."

Masikio yalinichoma kwa aibu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho, mbele ya mtu ambaye hakustahili kuambiwa uongo hata wa utani. Nikamweleza yote: kwamba part two haipo, haitakuja, niliibuni mimi ili watu waniache. Nikaomba msamaha. Nilingoja anitukane, na kwa kweli ningependa anitukane.

Aliweka mikono juu ya magoti, akaitazama kompyuta.

"Hiyo kompyuta yako," akasema, "inaweza kukata muvi?"

"Inaweza."

"Basi nikatie pale mwisho. Nitolee hiyo kugonga."

Nikashtuka. Niliona kama ananiambia nikate moyo wa hadithi nzima. "Lakini mama, hapo ndipo kuna tumaini."

"Tumaini ni yako wewe unaangalia unaenda zako. Mimi kupika nimezoea. Kungoja nimezoea. Lakini tangu nione hii muvi, upepo ikitingisha mlango yangu naamka kufungua. Kila siku nafungua. Na huko kwetu upepo haiishi."

Nilichukua flashi yake, nikaifungua muvi niliyoipenda kuliko zote dukani, nikatafuta mahali mama yule anapofunika sahani kwa mara ya mwisho, nikaikata hapo. Alitaka kuhakikisha kabla hajaondoka, nikamgeuzia skrini. Tukatazama pamoja. Sahani ikafunikwa, taa ya jikoni ikabaki inawaka kidogo, kisha giza, bila sauti yoyote.

Akashusha pumzi. "Hapo sawa," akasema. "Hapo naweza kulala."