Simu Isiyo na Antena

Usiniangalie hivyo. Mimi sinywi pombe wala sivuti kitu. Haya ninayokuambia yalinipata mchana, jua likiwaka, kule Kitengela ndani ya duka langu mwenyewe. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Mimi ni fundi wa simu. Siku hiyo simu yangu ilikuwa mezani mbele ya macho yangu, kwa sababu mke wangu, Naserian, alikuwa kwa mama yake hapa Bisil akingoja kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Tulikuwa tumepatana kwamba uchungu ukianza tu, anapiga, nami naondoka na gari la rafiki yangu kumpeleka hospitali. Kwao ni ndani, mbali na barabara, na gari halipatikani ovyo.

Mwanamke mmoja akaingia. Wa makamo, amejifunga shuka, na miguu yake haikuwa na vumbi hata chembe. Sasa niambie, ni nani anatembea Kitengela bila vumbi? Nikamwamkia kwa Kimaasai, kama nilivyofundishwa mimi Mkamba na wakwe zangu: "Takwenya, yeyo." Kila mama wa Kimaasai huitikia "Iko," hata kama amekukasirikia. Huyu hakuitikia. Alinitazama kwa chuki, kama mtu anayenijua tangu zamani.

"Hii simu haishiki network," akasema, akaitupa mezani. "Si wewe ndio fundi? Tengeneza."

Kusema kweli alinikera. Lakini mteja ni mteja. Simu ikikosa mtandao, fundi hakimbilii kuifungua. Kwanza anaitia laini anayojua ni nzima, ajue kama ubaya uko kwenye laini au kwenye simu. Wengi wetu hutumia laini zetu wenyewe. Nikaichomoa yangu, nikaiweka kwenye simu yake. Ni jambo la dakika chache, nikajiambia, Naserian hawezi kuanza uchungu saa hii hii.

Haikushika. Nikabonyeza zile namba za kutafuta nambari ya simu yenyewe, ile inayowekwa kiwandani. Pakatokea nafasi tupu. Hiyo ni dalili kwamba ugonjwa uko kwenye bodi, kile kibao cha ndani kinachobeba chipu. Nikaizima, nikatoa laini yangu, nikaifungua.

Niamini, nimefungua simu zilizoanguka chooni na zilizokanyagwa na ng'ombe, lakini ile sijawahi kuona mfano wake. Waya wa antena haukuwepo. Mahali pa chipu inayoshika mtandao palikuwa patupu, pasafi, bila alama yoyote ya kuchomelewa. Haikuwa imeng'olewa. Haikuwahi kuwekwa.

"Mama, hii haiwezi kupiga popote," nikamwambia. "Haina kitu ndani."

"Sema umeshindwa. Fundi wa bure."

Hapo hasira ikanipanda, na hasira ni hasara, wahenga hawakukosea. Badala ya kurudisha laini yangu mahali pake na kumwonyesha mlango, niliifunga ile simu, nikatia laini yangu tena, nikaiwasha mbele ya uso wake ili aone mwenyewe kwamba ni mzoga.

Mtandao ukajaa mpaka mwisho. Papo hapo ikalia, na kwenye kioo nikaona namba ninayoijua kwa kichwa. Namba ya mke wangu.

Nilinyoosha mkono, akawa mwepesi kuliko mimi. Aliiweka sikioni, akanikazia macho, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu. Unanielewa? Si ya kuigiza. Yangu mimi, pamoja na huu mkwaruzo unaousikia.

"Naserian, wacha kunisumbua. Hiyo mimba si yangu. Tafuta mwingine wa kukubeba."

Nilitaka kupiga kelele, lakini koo halikuwa na sauti hata ya kukohoa. Nilimrukia, nikaangukia meza, naye akawa ametoweka na simu pamoja na laini yangu. Nilipofika mlangoni, barabarani kulikuwa na malori tu. Mutua, jirani yangu anayeshona viatu, alikuwa ananitazama vibaya.

"Fundi, hayo ni maneno gani unaambia bibi yako na ako na mimba?"

Yule mwanamke, Mutua hakumwona. Sauti yangu aliisikia.

Nilifika Bisil jioni. Mtoto alikuwa amezaliwa nyumbani, msichana, mzima, lakini Naserian alipoteza damu nusura afe. Baba mkwe alinisimamisha langoni. Naserian aliponipigia, simu yake ilikuwa kwenye spika, na kila mwanamke aliyekuwa chumbani alinisikia. Sauti ilikuwa imenirudia, nikamwapia kwamba si mimi niliyesema.

"Ulisema atafute mwingine wa kumbeba," akaniambia. "Tumembeba sisi. Enda."

Ile laini niliifungisha, nikachukua nyingine. Ni kazi bure. Tangu siku hiyo simu yoyote nikiishika, mtandao unapotea. Nikiiweka chini, unarudi. Nimejipima hatua kwa hatua kama ninavyopima simu, na ubaya siupati.

Hilo ningelivumilia. Lakini wiki iliyopita nilikutana na shemeji yangu, kaka mdogo wa Naserian, huko sokoni, akanisalimia kwa furaha. Ati Naserian amenisamehe. Ati nampigia kila jioni namwimbia mtoto, na siku yoyote atatoka kwao kimya, baba asijue, anifuate na mtoto mahali nitakapomwelekeza.

Nikamwambia sijawahi kumpigia. Akacheka.

"Shemeji, si hata mimi nimeongea na wewe jana?"

Nilipoapa, aliniogopa, akaenda zake. Nikaenda langoni kumwita Naserian, baba mkwe akanitokea na rungu. Naogopa. Sioni haya kusema.

Kwa hivyo duka nimelifunga. Kutwa niko hapa kando ya barabara nikitazama kila gari linalopakia watu, ili siku atakayotoka na mtoto, anikute mimi kwanza. Wewe nawe sikia: laini yako usiitie kwenye simu ya mtu asiyeitikia salamu. Na mtu wako akikupigia akuite mahali, hata sauti ikiwa yake kabisa, mwambie aje mwenyewe akuchukue mlangoni.

Sasa sogea kidogo. Unanizibia barabara.