Nilipoulizwa Mimi ni Mtoto wa Nani

Sitakuapia kwa Biblia, maana wanaoapa sana ndio wanaodanganya. Nakuambia tu kwamba jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Kamina, jua lingali juu, na sikuwa na homa wala sikuwa nimekunywa kitu. Wenzangu wa chuo niliowasimulia walicheka. Cheka na wewe ukitaka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Kwanza ujue kwetu. Sisi ni watu wa Kasai. Miaka ile watu wetu walipofukuzwa kutoka miji ya kusini, familia zilijaa hapa stesheni zikingoja treni ya kuwapeleka kwao. Papa, yaani baba yangu, alikuwa bado mdogo. Mama yake, bibi yangu, au kambo kama tunavyosema hapa, aliugua palepale kwenye reli. Siku moja Papa aliondoka kidogo, na aliporudi akaambiwa mama amekwisha kufa na watu wamekwisha kumzika, kwa kuwa waliogopa ugonjwa. Wapi? Kila mmoja alionyesha upande wake. Treni ikafika, waliojua wakapanda, wakaenda zao. Papa hakupanda. Ndiyo maana mimi nimezaliwa Kamina. Kila Novemba, watu wakienda kusafisha makaburi ya wafu wao, Papa anabaki nyumbani, anazima redio, na hataki mtu amsemeshe.

Mimi nilipewa jina la huyo kambo, Mbombo. Unajua kwetu mambo hayo yalivyo, aliyerithi jina huhesabiwa kuwa ndiye mwenyewe: Papa hajawahi kuniita mwanangu, ananiita mama, na nilipokuwa mtoto hakuthubutu kunichapa. Ndugu zangu walinionea wivu sana.

Basi, nilipofika mwaka wa mwisho wa sosiolojia, nilichagua kuandika memwari, ile tasnifu ya kumalizia chuo, juu ya kumbukumbu za watu waliongoja treni. Usidhani niliipenda sayansi kiasi hicho. Nilitaka kumpata mtu mmoja tu anayejua kambo alizikwa wapi. Msimamizi wangu alihisi kitu.

«Ile mada iko karibu na weye sana,» aliniambia. «Ku terrain, chercheur haiko mutoto wa muntu. Ukianza kusema banyumba yako nabo balikuwa pale, bantu batakuambia kile unapenda kusikia. Nikisikia vile, nitakunyang'anya mada.»

Yaani mtafiti akiwa uwandani si mtoto wa mtu. Nikaogopa. Nikajifunza kujitambulisha kama karani: jina la ubatizo, chuo, kitivo, basi.

Alasiri moja nilikuwa nyuma ya stesheni, pale yalipoachwa mabehewa mabovu mpaka yameota majani. Nikamwona mama mmoja ameketi juu ya kifurushi cha blanketi, sufuria pembeni yake. Wasafiri wa namna hiyo hawakosekani kwetu, treni ikitaka kuchelewa inachelewa kwelikweli, kwa hiyo sikushtuka. Nikamsalimia, nikamwomba tuzungumze kidogo.

«Namungoya mutoto,» alisema. «Nalimutuma mayi.»

Nikamwambia tutaongea huku tukimsubiri huyo mtoto aliyekwenda kuchota maji. Akanitazama usoni muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka ufunguo.

«Weye njo mutoto wa nani?»

Swali la kawaida, sivyo? Hapa Kamina hata muuza chumvi atakuuliza. Nikajibu nilivyofundishwa. «Minyi niko chercheur, mama. Natoka ku université. Jina ni Clarisse.»

«Ile haiko jina ya ku nyumba,» alisema. Kisha akaendelea polepole. «Kama uko wetu, nitakuonyesha fasi moya. Bengine, hapana.»

Mahali gani hapo? Jina lilikuwa limenifika mdomoni. Lakini maneno ya msimamizi yalinijaa kichwani, nikajiambia nimalize kwanza hojaji sawasawa, halafu nitamwambia taratibu mimi ni nani. Umewahi kuona upumbavu kama huo? Nikainamia mkoba, nikatoa karatasi zangu, nikasoma swali la kwanza.

«Mama, uko na miaka ngapi?»

«Basi hauko wetu,» alisema. Hakukasirika. Alisema kama mtu aliyechoka.

Nilipoinua kichwa hapakuwa na mama, wala kifurushi, wala sufuria. Nilizunguka mabehewa yote nikiita. Karibu na hapo kulikuwa na mwanamke anayeuza samaki wa Bukama, nikamuuliza yule mama ameelekea wapi.

«Mama gani?» alisema. «Niko nakuangalia tangu ulifika, unasema weye moya. Nalifikiri unarudilia défense yako, vile utatetea memwari. Ba étudiants ba chuo banazoea kusema bo benyewe.»

Jioni nilimsimulia Papa yote. Nilipofika kwenye habari ya maji alishika meza. Hakuwahi kutuambia siku ile alikuwa ameondoka kwenda wapi, na sisi hatukuthubutu kumuuliza.

«Alinituma mayi,» alisema. «Nalikawia ku bomba, bantu balikuwa bengi.» Halafu akaniuliza, «Mama, ulimuambia jina yako?»

Nikamwambia hapana. Papa hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Memwari niliitetea vizuri. Walimu wa jopo walisifu namna nilivyojiweka mbali na watu niliowahoji, wakapiga makofi, tukapiga picha. Picha hiyo sijaitundika ukutani mpaka leo. Nimerudi kwenye mabehewa yale mara nyingi, natembea katikati yake nikitaja jina langu kwa sauti, Mbombo, Mbombo wa kwenu, mpaka walinzi wa reli wanadhani nimerukwa na akili. Haitiki mtu. Najuta, ndugu yangu. Najuta nikiamka na nikilala.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda uwandani na hojaji yako kwapani, nakuonya. Mtu mzima akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, mjibu kwanza. Mtajie baba, mama, na jina wanalokuitia nyumbani. Sura mbaya ya memwari utarudishiwa uiandike upya, lakini huyo aliyekuuliza huenda hana muda wa kukungoja.

Papa siku hizi kila alasiri hujaza bidoni la maji, anakwenda nalo nyuma ya stesheni, anakaa mpaka giza liingie. Mgongo unamuuma, na njiani anapumzika mara kwa mara. Nikitaka kumpokea hilo bidoni ananikatalia. Anasema aliyetumwa ni yeye.